Siku yangu moja na nyota zinazolipuka, hapa Mbarara, Uganda

Saa 12 asubuhi, kabla ya chai nafungua laptopu. Modeli ya nova imepiga hesabu usiku kucha na umeme haukukatika, Mungu ni mwema. Nova ni hivi: nyota kibete nyeupe, yani kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa, inamnyonya nyota jirani yake gesi, hidrojeni inajilundika juu yake, joto linapanda mpaka inalipuka, halafu kibete chenyewe kinabaki palepale.

Saa 2 nadaka boda mpaka chuo.

Saa 3 ndo kazi yenyewe, florini-18, aina ya florini yenye mnururisho. Inazaliwa ndani ya mlipuko, nusu-uhai wake, yani muda wa nusu yake kuoza, ni dakika 110 hivi, ikioza inatoa positroni, yani elektroni yenye chaji chanya, hiyo ikikutana na elektroni zinapotea zote mbili na kutoa miale ya gama ya keV 511 (keV ni kipimo cha nishati), yani setilaiti ikiinasa tumeuona mlipuko kwa ndani kabisa. Sasa shida iko hapa, protoni ikiigonga florini inaivunja kuwa oksijeni-15 na heliamu, na kwa joto la nova kasi ya huo mmenyuko haijulikani vizuri, maana kwenye nishati ndogo hivo migongano inayofaulu maabara ni michache mno, na florini yenyewe inaoza huku unaipima!

Saa 5 napandisha kasi hiyo mpaka kikomo cha juu, naendesha modeli, naishusha mpaka chini, naendesha tena, vingine vyote sigusi. Gesi inayorushwa nje ni karibu ileile. Florini inayobaki ndo inabadilika vibaya sana.

Saa 7 rolex moto pale getini, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nyanya nyingi. Kijana wa mwaka wa tatu ananiuliza, "Kaka, si uchukue tu namba ya katikati?" Hapana mdogo wangu. Setilaiti isipoona kitu utasemaje, nova ilikuwa mbali, au florini iliisha yote? Namba moja haikwambii.

Saa 10 Daktari anayenisimamia utafiti anataka grafu yenye mkanda, toka kikomo cha chini mpaka cha juu, sio mstari mmoja, na mimi naona ana haki kabisa, mkanda ndo unawaonyesha watu wa maabara wapime nini kwanza.

Saa 1 usiku naanzisha hesabu mpya, mimenyuko yote inabadilika kwa pamoja kila mmoja ndani ya mipaka yake. T Coronae Borealis, nova inayojirudia, ililipuka 1866 na 1946, ikirudia nataka mkanda wetu uwe tayari.