Jinsi nilivyoyapunguza mabaki chini ya cherehani

Nashona Ngamiani, hapa Tanga. Miguuni pangu vilijaa viroba vitatu vya mabaki: kanga, vitenge, vitambaa vya suruali. Mfarishi wangu wa kwanza, yaani blanketi la kuunga vipande, ulitoka mzuri, ukafuliwa mara moja tu, ukakunjamana kama jani kavu la mgomba. Pamba ilikuwa imerudi, yaani imenywea kwa maji, poliesta haikurudi.

Safari hii nilianza na beseni. Vya pamba nikaviloweka maji ya moto (kitenge chekundu peke yake, hakiaminiki kile), nikavianika, nikavipiga pasi. Vya suruali nikavitenga, vitajaza mito.

Vipande vikubwa nilivikata mraba wa sentimita 12. Mshono ukila 1 kila upande, inabaki 10. Vyembamba ndivyo vilivyonitoa jasho. Mwishowe nikachana shuka kuukuu la pamba, nikakata miraba ya 12 ileile, nikavishonea juu yake kwa mshazari, kimoja baada ya kingine, kisha nikageuza na kupunguza kingo kwa kufuata shuka. Shuka ndilo linalozuia kuvutika.

“Mwanangu, piga pasi kila mshono kabla hujauvuka,” shangazi alinikumbusha. Nilimtii, shingo upande.

Mfarishi umefuliwa mara nne, umetulia. Kimebaki kiroba kimoja, ila jirani ameanza kuniletea vyake.