Malindi hadi Gede kwa Baiskeli

Kutoka Malindi mjini hadi magofu ya mji wa kale wa Gede ni kama kilomita 16, lami mwanzo mwisho, bila mlima wa maana. Mwenye mwendo wa kawaida hufika kwa saa moja na kitu. Kinachoamua safari ni upepo. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, unakupiga kifua wakati wa kwenda, ukiwa bado na nguvu, kisha unakusukuma kurudi. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ni mtihani: utafika umepepea, halafu urudi ukipambana nao na jua liko utosini. Msimu huo toka saa kumi na mbili alfajiri, na ukimaliza kutembea ukae kivulini mpaka saa kumi.

Adui wa pili ni mbigili. Ukishuka lami kupisha matatu, ndipo zinapokungoja ukingoni. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, msasa na pampu. Pancha ikitokea, toa tyubu, kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kabla ya kuziba chochote. Wengi huziba tyubu wakauacha mwiba ndani, na mbele kidogo tu wako chini tena. Piga msasa, paka gundi nyembamba, ngoja ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Gundi mbichi haishiki. Jua likipamba moto kiraka hubanduka.

Njia panda ya Gede kata kushoto kuelekea Watamu, ufuate kibao. Baiskeli iache langoni na mnyororo. Usiache mkoba kwenye karia. Kima wa pale wanajua zipu kuliko wewe. Na usiegemeze baiskeli ukutani: ni matumbawe na chokaa, na mizizi ya miti imeshazitesa kuta hizo vya kutosha.

Anzia kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ukishaushika mwaka huo, mengine yanajipanga: mji ulinawiri hasa karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Nenda Msikiti Mkuu, utazame mkuki uliochongwa juu ya mlango mmoja, jambo usilolitarajia msikitini, na kibla kilichopambwa kwa bakuli za kauri. Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo, kazi iliyoanzwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948. Ndiyo maana kuna Nyumba ya Mkasi. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika Urithi wa Dunia.

Usiviruke visima. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuhama ni maji kuzidi kushuka chini. Wewe beba lita mbili zako, na nusu uibakishe ya kurudia.