Grenda au nyundo? Ninavyogawa kazi kwenye mlango uliobonyea

Bati la mlango wa gari dogo lina unene wa kama milimita 0.7 tu. Huo unene ndio unaoniamulia kifaa, si haraka ya mwenye gari.

Kunyoosha ni kwa mkono. Navua plastiki ya ndani ya mlango, naegemeza doli (kile chuma kizito cha kushikilia kwa nyuma) chini ya bonde, kisha nagonga tuta lililoinuka kando yake. Naanzia ukingoni kwenda katikati. Ukigonga pale pale penye doli, bati linabanwa na kutanuka. Likitanuka sana, ukilibonyeza kwa kidole linalia "tok" na kurudi, na puti (ule uji mzito wa kujazia mabonde, unaoganda) utakayoweka hapo itapasuka tu.

Grenda naipa kuchuna rangi na kutu, basi. Ile ya inchi 4½ huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ikitulia mahali pamoja bati linageuka bluu, na likipoa limeshajikunja. Pitisha, inua, gusa. Kiganja kikishindwa kuvumilia, subiri. Na vioo vifunikwe: cheche zikishajichoma kwenye kioo hazifutiki.

Puti gramu 100, hadina (dawa ya kuigandisha) gramu 2. Kwenye joto la kwetu hushika kabla ya dakika 5, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ukizidisha hadina, doa litakuja kujitokeza juu ya rangi. Unene usizidi milimita 3. Ukihitaji zaidi, hujamaliza kunyoosha.

Kusugua ndiko wengi wanakoharibu. Sanda ya umeme (mashine ya kusugulia msasa) yenye pedi laini hufuata mawimbi ya puti, na hutayaona mpaka rangi ing'ae. Kwenye boneti naikubali kwa mkupuo wa kwanza. Mlangoni natumia ubao ulionyooka, mrefu kuliko kiraka, msasa namba 80, halafu 180, kisha 320, nikisugua kimshazari pande zote mbili. Kati ya hatua napuliza rangi nyeusi ya kopo, nyepesi kama vumbi. Nikisugua tena, weusi unapobaki, hapo bado pako chini. Msasa wa maji usiguse puti: inanyonya, na kutu inaanzia ndani.

Mwenye hela ya kifaa kimoja anunue nyundo na doli (ndiyo, ni viwili, ila havifanyi kazi kimoja bila kingine). Grenda ya kuazima haikosekani gereji ya jirani.