Beseni langu umelipeleka wapi?

Leo ni siku ya nne na maneno yale bado hayajanitoka. Nafika kazini nayasikia, nazima taa nayasikia.

Jumanne jioni, pembeni mwa soko, mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vya kuchemsha, alinisimamisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha simu ya jirani yake yenye picha niliyoipiga mimi.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe, mama."

Akaitazama picha tena, polepole, kuanzia juu mpaka chini.

"Na beseni langu umelipeleka wapi?"

Nikamjibu kwamba nilikata kidogo upande wa chini ili picha ikae vizuri. "Ikae vizuri kwa nani, mwanangu?" Hakupandisha sauti. Alijitwika beseni lake akaenda zake. Usiku huohuo mdogo wangu wa Masasi alijifungua wa kike, wote wazima, na kazini tumemaliza kuhamisha stoo. Mimi kichwani nina beseni tu.

Picha ni ya mkutano wa hadhara wa chama cha siasa, Jumapili, Viwanja vya Mashujaa hapa Mtwara. Lenzi ya kuvuta, milimita 200. Faili kamili lina pikseli 6000 kwa 4000. Nilikata theluthi ya chini, na katika theluthi hiyo ndimo lilimokuwa beseni la ming'oko, kikombe cha kupimia na kopo la chumvi. Kilichobaki ni mwanamke aliyekaa akitazama mbele, nyuma yake bendera. Chini nikaandika: "Wafuasi wakifuatilia hotuba." Mama hakuja kufuatilia hotuba, alikuja kuuza. Sasa mtaani wanamuuliza amehamia chama hicho lini, na wateja wa upande wa pili wanampita.

Nimerudia mara nyingi kutafuta kosa lilianzia wapi. Halikuanzia kwenye kukata. Lilianzia kwenye milimita 200. Lenzi ndefu hubana umbali, na aliyeko hatua 15 nyuma huonekana amemgusa bega aliyeko mbele. Bendera ile haikuwa yake wala karibu naye, ilikuwa jukwaani. Kwa lenzi hiyohiyo watu 300 waliosimama mbalimbali hugeuka bahari ya watu, ndiyo maana waandaaji huipenda sana na wapinzani wao hupenda lenzi pana ya milimita 18 iliyoelekezwa kwenye nafasi tupu za nyuma. Zote mbili ni picha za kweli na zote mbili zinaweza kudanganya. Anayepiga mikutano lazima apige walau picha moja pana kutoka mahali pa juu, barazani au juu ya lori, watu wakiwa wamejaa kabisa, na aandike saa. Ukitaka kukadiria idadi, pima eneo kwa hatua. Watu waliosimama kwa nafasi ni kama mmoja kwa mita ya mraba, waliosongamana ni wawili hadi watatu, wanne ni pale ambapo huwezi kupenya. Uwanja wa mita 40 kwa 25 uliojaa kwa nafasi ni watu 1,000. Hauwezi kuwa 10,000, hata spika zipige kelele kiasi gani.

Kwa wale walioniuliza wiki iliyopita wasimame wapi mkutanoni ili mwanga uwe mzuri, nijibu hapa maana nimeahidi. Mwezi huu wa Julai jua letu liko upande wa kaskazini, na saa 10 jioni liko kaskazini-magharibi. Ukiligeuzia mgongo, uso wako unaelekea kusini-mashariki, na huko ndiko upepo wa kusi unakotoka. Kwa hiyo mwanga mzuri unakuja pamoja na vumbi la usoni. Funga kichujio mbele ya lenzi, na usibadilishe lenzi umeuelekea upepo. Geuka, kamera itazame chini, badilisha haraka. Mchanga ukishaingia usifute kwa shati wala kanga, utakwangua kioo. Tumia kipulizio cha mpira kwanza. Bendera nazo, kwa kuwa zinapepea kuja kwako, utaziona ubavu tu. Ukitaka zisomeke sogea pembeni, kusini-magharibi au kaskazini-mashariki. Oktoba mambo hubadilika. Kuelekea tarehe 20 jua la adhuhuri hutupita utosini hapa Mtwara, na kila mwenye kofia huwa hana macho. Wakati huo subiri saa 10 na nusu, au tumia flashi kwa nguvu ndogo.

Nyuso zetu na mbingu nyeupe nyuma ni mtego mwingine. Kamera ikipima mwanga yenyewe, inaiona mbingu na kuutia uso giza. Ongeza fidia ya mwanga, yaani iamuru kamera iing'arishe picha, +0.7 mpaka +1, mbingu ipotee, uso ubaki. Chini ya turubai la bluu kila mtu anakuwa wa bluu, na kurekebisha rangi baadaye hakusaidii sana kwa sababu nusu ya uso ina mwanga wa jua na nusu ina wa turubai. Mpige akitoka nje. Kwa mikono ya mzungumzaji kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inatosha, kwa ngoma na vijana wanaoruka weka 1/1000. Mavazi: acha rangi za vyama, yaani kijani, njano, bluu, nyekundu, zambarau. Vaa kahawia au kijivu. Mimi si mwandishi wa habari, sina kitambulisho cha kazi hiyo, kwa hiyo nafika saa moja kabla, najitambulisha kwa waandaaji na kwa askari aliyepo, na nabeba kitambulisho changu cha taifa. Waandaaji kisheria huwataarifu polisi saa 48 kabla, kwa hiyo mkutano halali una mtu wa kuulizwa.

Maandamano ni jambo jingine, na hapa siwezi kupita haraka. Mtwara hii iliandamana kwa ajili ya gesi Desemba 27, 2012, na ghasia za Mei 2013 kila mtu mzima wa mji huu anazikumbuka. Mtu wa hapa akigeuza uso asione kamera, muache. Mwenye bango piga bango na vidole vilivyolishika. Piga migongo, viatu, vivuli barabarani. Kama uso lazima ufichwe, usitie ukungu mwepesi, maana mtu anayemjua atamtambua hata hivyo. Funika kwa rangi nzito, kisha hifadhi kama faili jipya la picha. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama dokumenti zinakwenda zote, saa na mahali. Kaa ukingoni, karibu na kona yenye njia mbili za kutokea, kamwe si katikati ya askari na watu. Moshi ukianza, elekea unakotoka upepo, na mwezi huu ni kusini-mashariki.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimeyaandika humu mara ngapi? Na bado nilimpiga mama mchana kweupe, kwenye mkutano wa amani uliotaarifiwa polisi, nikampa chama asichokiomba, kwa sababu beseni lilikuwa linavunja mstari wa picha.

Jana usiku nikalifungua faili la awali. Huwa sifuti hata moja mpaka miezi mitatu ipite, na nakala ya pili inakaa kwenye diski nyingine, na jana nimeshukuru kwa tabia hiyo. Nikaondoa ule mkato. Jamani. Theluthi ya chini ndiyo picha yenyewe! Ming'oko imepangwa kwa ncha, inang'aa kwa maji ya kuchemshia. Mkono wa mtoto umeingia kutoka kushoto na sarafu ya shilingi mia mbili, haujafika bado, na mkono wa mama tayari umefunguka kuipokea huku macho yake yakimwangalia mteja mwingine mbele. Hakuwa akitazama jukwaa hata kidogo. Bendera nyuma imebaki rangi tu. Nilikaa nayo mpaka saa 7 usiku, nikafurahi kama siku niliyoipata kamera hii, na uso wa mtoto haumo kabisa, ni mkono peke yake, kwa hiyo hata hilo halina shaka.

Ile ya zamani nimeiondoa kila nilipoiweka, na waliosambaza nimewatumia ujumbe mmoja mmoja. Mpya sijaiweka popote. Nitaisafisha karatasi ya inchi 8 kwa 12, maana vipimo vya faili vinakubali bila kukata hata ukucha, nimpelekee Jumamosi kabla hajafungua biashara. Akisema iwekwe, itawekwa na maneno atakayoyataja yeye. Akisema isiwekwe, itakaa kwake ukutani. Na kuanzia sasa daftari linaandika namba ya picha na jambo moja nililomuuliza mtu: umekuja kufanya nini? Ni swali la sekunde tano.

Mjomba amepiga simu sasa hivi kutoka Newala. Maua ya mikorosho ya upande wa bondeni yameanza kushika unga mweupe kama jivu, ni ugonjwa wa ubwiri unga, na mashine ya kupulizia dawa yake, salfa, haiwaki tangu juzi. Salfa hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia, na kwa kusi la wiki hii utulivu huo haupiti saa 2 asubuhi. Amebadilisha mafuta, kamba inavutika vizuri, lakini cheche hakuna. Kesho nitapita kwa fundi kuulizia plagi, kama hana sijui nitaipata wapi kabla ya Jumatatu.