Karatasi Hairudi

Mwezi 27 Ramadhani, baada ya tarawehe

Leo nimefungua kabati la vyombo nikahesabu sahani za udongo. Zimebaki tatu. Ramadhani ya mwaka juzi zilikuwa dazeni kamili. Nilizinunua mwenyewe pale sokoni Mgandini, hapa Tanga, nikarudi nazo kwenye bajaji nimezipakata kama mtoto mchanga.

Hazikuvunjika. Zimetembea tu. Anayeishi mitaa kama hii yetu ya Makorora ananielewa: magharibi ikikaribia, watoto wanapishana njiani na sahani zilizofunikwa. Yangu inaondoka na mihogo ya nazi, nayo inatakiwa irudi na tambi, au kaimati tano, au hata ndizi mbili mbivu, maana sahani ya watu hairudi tupu. Balaa linaanzia hapo hapo. Jirani siku hiyo hana cha kutia, anaiweka juu ya kabati akingoja apike kitu cha maana. Zinapita siku tatu, inapita wiki. Anakuja mgeni, anapakuliwa wali kwenye sahani hiyo hiyo, na mwisho hakuna anayekumbuka ilitoka nyumba gani. Wala nisiwaseme wenzangu tu. Mimi nina bakuli la kijani lenye mfuniko wake, tunatilia uji kila jioni, na mwenyewe simjui hata kwa kukisia.

Kwa hiyo nimeamua. Idi hii nyumba tisa zitapata kashata na visheti, na vyote vitakwenda ndani ya karatasi. Hakuna sahani, hakuna deni.

Nilipomweleza Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso.

"Karatasi hairudi," akasema.

"Si ndiyo maana, Mama."

Akapuliza pumba pembeni mwa ungo, akaendelea na mchele wake.

Usiku huu nimekaa sebuleni na binti yangu tumetengeneza vifuko ishirini. Karatasi tumepata kwenye kalenda za zamani, zile kubwa za ukutani. Kalenda ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu mgongo wake mara nyingi ni mweupe mtupu: picha inakaa nje, weupe unakaa ndani penye chakula. Gazeti sitaki. Wino wake unahamia kwenye mafuta, na visheti ni vitu vya mafuta.

Gundi nimepika mwenyewe. Vijiko viwili vya unga wa ngano unavikoroga kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka mabuja yaishe, halafu unamimina kikombe kimoja cha maji ya moto huku unakoroga, unarudisha jikoni mpaka uone ule weupe wa unga umepotea na uji umeanza kung'aa. Kaka zangu hawakujisumbua hivyo. Vishada vyao walibandika kwa ugali wa jana na vikaruka. Lakini sisi ni watu wazima sasa.

Vifuko vimepangwa sakafuni vikauke. Vimependeza. Nalala nimeridhika.

Mwezi 28, asubuhi

Mende.

Wamekula gundi yote. Hawakugusa karatasi hata kidogo, wameramba kila mshono kwa ustadi, na kila nikiinua kifuko kinafunguka mkononi kama ua. Ishirini vyote. Binti yangu amecheka mpaka amekaa chini, na mimi nimeshindwa hata kumkemea kwa sababu kosa ni langu: nimeacha uji sebuleni usiku kucha halafu nashangaa umeliwa.

Mama amepita, ameona, hakusema neno. Afadhali angesema.

Mwezi 28, jioni

Aliyetuokoa ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Kaja kufuturu, kaona rundo la karatasi, akauliza kwa nini tunahangaika na gundi. Akachukua ukurasa wa Machi na Aprili, akakata mraba, na kabla sijamaliza kumenya muhogo mmoja ameniwekea mezani kijaluba. Kijaluba kamili, chenye kuta na pembe, bila gundi wala pini. Nikamuuliza amefundishwa wapi. Shuleni, akasema, ila si na mwalimu.

Naandika hatua zake hapa kwa sababu nimezikosea mara nne na sitaki kuzikosea tena. Mraba unaukunja pembe kwa pembe, mara mbili, unaufungua. Unabaki na msalaba na kitovu katikati. Pembe zote nne unazileta kwenye kitovu. Sasa una mraba mdogo zaidi. Upande wa juu unaukunja ufike katikati, wa chini vivyo hivyo, unafungua. Kisha wa kushoto na wa kulia, unafungua tena. Hapo mikunjo yote imeshaandikwa kwenye karatasi, kazi iliyobaki ni kuifuata. Unafunua pembe mbili zinazotazamana, unasimamisha kuta mbili zilizobaki, halafu ile pembe iliyofunuliwa unaiinua, mabega yake yanajikunja yenyewe kuingia ndani, unaipindua juu ya ukuta na ncha yake inarudi kulala kwenye kitovu. Hapo kwenye mabega ndipo nilipokuwa nakosea. Nilikuwa nayalazimisha. Karatasi haitaki nguvu, inataka ukucha: kila mkunjo upitishe ukucha mpaka ulie.

Mraba wa sentimita 24 unatoa kijaluba chenye kitako cha sentimita 8 na nusu na kina cha 4 na kidogo. Mfuniko ni kijaluba kingine kile kile, cha mraba ulio mkubwa kwa nusu sentimita au zaidi kidogo kama karatasi ni nene.

Wajapani, ambao ufundi wa kukunja karatasi wanauita origami, umbo hili wanaliita masu, jina la kibweta cha mbao walichokuwa wakipimia mchele. Nimefurahi kulijua hilo, maana na sisi wiki hii tunapima mchele: kila mtu nyumbani pishi moja ya zaka ya fitri, kilo mbili na nusu kwa mizani ya dukani. Vibaba vinne ni pishi. Mama bado anapima kwa kopo lake, halafu anapeleka kwenye mizani kuhakikisha kwamba mizani haikukosea.

Zamani nisingejua haya wala nisingehangaika. Kabla ya Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, kila kitu kilikuwa rambo: unatia, unafunga fundo, basi. Ila kabla ya rambo kutujaa kulikuwa na karatasi pia. Mzee aliyekuwa anauza karanga karibu na shule yetu alizifungia kwenye koni za kurasa za madaftari ya watoto. Ukimaliza karanga unafungua koni unasoma. Nakumbuka moja iliyokuwa na hesabu za mtu nisiyemjua, sita mara nane kaandika hamsini na nne, na mwalimu kamkata kwa wino mwekundu kwa hasira mpaka karatasi imetoboka. Niliihifadhi ile karatasi kwa muda mrefu. Ilinifariji.

Mwezi 29, usiku wa manane

Mwezi haukuandama. Tangazo lilipotoka redioni mtaa mzima ulisikika ukishusha pumzi, wengine kwa masikitiko, mimi nilishukuru. Nimepata siku moja zaidi.

Mapishi haya yote ni ya usiku, kwani mchana wa saumu utapikaje kitu usichoweza kuonja? Mwonjaji wetu wa futari mchana alikuwa mwanangu mdogo wa miaka sita, na hukumu yake kwa kila kitu ni moja: "Ongeza sukari."

Kashata za nazi kwanza. Nazi mbili kubwa zilizokomaa, nazo ukune mwenyewe kwenye mbuzi na uache mkono kabla meno hayajafika kwenye ngozi ya kahawia, la sivyo kashata zinatoka na madoa kama zimeanguka chini. Nilipata vikombe vitatu. Wapo wanaopikia machicha yaliyokwisha kamuliwa tui. Kila mtu na nyumba yake, lakini hizo kwangu si kashata, ni makapi yenye sukari.

Sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, unaweka kwenye moto wa wastani. Mwanzo povu linakuwa kubwa na jepesi. Usiguse. Baadaye mapovu yanakuwa madogo, mazito, yanapasuka polepole. Hapo dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likikusanyika ukaweza kulifinya kwa vidole kama kipande cha nta, tia nazi, chembe ya chumvi na iliki sita ulizotwanga. Sasa ni mwiko na mkono wako. Sufuria la kwanza nililiipua mapema, nikalimwaga kwenye sinia, likakaa pale linatutazama kama uji. Dawa yake si kulia: rudisha jikoni na kijiko cha maji, koroga tena. Alama niliyofundishwa na Mama ni kwamba ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia yake ibaki wazi, mchanganyiko usirudi kuifunika haraka. Unamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, unalaza unene wa kidole, unakata ingali na moto. Ukingoja ipoe utakuwa unavunja, hukati.

Visheti alifanya binti yangu karibu peke yake na sina la kuongeza: nusu kilo ya unga, vijiko vinne vya samli ya moto, iliki, tui zito la kukandia, donge liwe gumu kuliko la chapati. Kila kitonge unakibonyeza kwenye mgongo wa uma na kukiviringisha kipate mistari, kwa sababu mistari ndiyo inayoshika shira. Moto mdogo wakati wa kukaanga. Shira ni kikombe kimoja na nusu cha sukari kwa nusu kikombe cha maji, inachemka mpaka inavuta uzi, unamwagia visheti ndani ukipepeta sufuria mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe. Viwili vitatu vilipasuka. Tulivila, ilikuwa saa saba usiku na daku lilikuwa bado.

Mwezi 30, alasiri

Vijaluba tisa vimepangwa mezani. Ndani ya kila kimoja kuna kipande cha jani la mgomba nililopitisha juu ya makaa lilainike, juu yake kashata sita na visheti gao moja la mkono. Vifuniko vina picha za kalenda: kimoja kina mlima, kimoja twiga asiye na kichwa, kimoja kina siku zote za Novemba.

Nilikwenda kuoga. Nikarudi nikamkuta Mama amefungua sanduku lake, lile la chini ya kitanda, na ametoa sahani sita za maua mekundu ambazo mimi utotoni sikuruhusiwa hata kuzifuta. Ameongeza zangu tatu. Juu ya kila sahani ameketisha kijaluba kimoja, juu ya kijaluba kitambaa.

"Mama, sasa hizi sahani za nini?"

"Za kubebea."

"Vijaluba vinabebeka mkononi."

"Mtoto atabeba Idi mkononi kama anabeba kiberiti?"

Sikujibu. Watoto wakapangwa mstari, wakafundishwa la kusema: shikamoo kwanza, halafu "Bibi na Mama wanawasalimu, mkono wa Idi huu." Mwanangu mdogo alilirudia njia nzima asilisahau, na alipofika kwa jirani akasema, "Shikamoo Bibi na Mama mkono wa Idi," akaweka sahani kizingitini, akakimbia.

Mfunguo mosi, siku ya sita

Kashata zilizobaki nilizitia kwenye lile bakuli la kijani, nikaliweka barazani siku zote tatu za wageni, makusudi, mwenyewe alione alidai. Watu wamekula kashata, wamesifu kashata. Bakuli hakuna aliyelitazama mara mbili.

Sahani zimerudi saba. Moja ilikuja na machungwa ya Muheza, moja na vibibi vilivyoniaibisha kwa ulaini, moja na ndimu kumi na chumvi ya kuzitilia achari. Mama anazipokea mlangoni mwenyewe, anakaa na aliyeleta. Juzi mmoja alikaa mpaka adhana ya laasiri, wakazungumza habari za mgonjwa wa pale kwao ambazo sisi hatukuwa nazo, na jioni ile ile Mama alijifunga mtandio akaenda kumwona.

Vijaluba havijarudi. Kimoja nimekiona dukani kwa mangi, kimewekwa vocha na chenji.

Zimebaki sahani mbili. Ya kwanza sijui iko wapi. Ya pili najua, maana jana nimemwona mtoto wa nyumba ile amekaa barazani anakula maandazi kwenye maua yetu mekundu. Nilimwambia Mama nikaichukue kabla haijavunjika, na ni chombo chake cha miaka yote.

"Iache," akasema. "Hawajapata cha kutia."