Mwambie mamako

Nilikuwa sitaki kuandika wiki hii maana mama keshanikataza kuandika nikiwa na hasira, lakini kila nikiweka kichwa kwenye mto nalisikia lile neno tu, mwambie mamako, mwambie mamako, bas nikaona bora niliseme hapa nipate kulala.

Ile vespa ya baba mnaijua, ile P150X iliyoachwa nyuma ya nyumba chini ya mfenesi tokea alipofariki, ambayo kaka wa Maskati kila akipiga simu anasema iuzwe kwa kilo. Nshaitoa. Ilibidi tuwaite vijana wa jirani maana magurudumu yalikuwa yashazama na mizizi ishapita katikati. Nikafungua mfuniko wa kushoto panapokaa tairi la akiba nikakuta nyigu wamejenga mtaa mzima, eksozi nayo imejaa udongo wao, sponji ya siti imeliwa na panya zimebaki springi. Tangi ukilitikisa linalia kutu. Na injini imeshika, haizunguki hata ukucha.

Jumapili alasiri akapita yule fundi wa zamani, aliyekuwa akiitengeneza enzi za baba. Kazeeka, anatembea na bakora siku hizi. Nikafurahi mno, nikasema huyu kaletwa na Mungu. Nikamwamkia, akaitika vizuri tu, huku anatazama tairi. Haya sasa sikilizeni, naandika kama ilivyokuwa, siongezi.

Mie: Ami, pistoni imeshika, nimetia dizeli kwenye tundu la plagi, niiache iendelee kulowa au nivue hedi kabisa?

Yeye, akimtazama mwanangu mwenye miaka 8 anaekula embe: Mwambie mamako asipige kiki.

Mwanangu: Mama, usipige kiki.

Mie: Sijaipiga.

Kimya. Fundi kamkodolea mtoto macho, anangoja. Wallahi anangoja! Mpaka mtoto akasema, babu, hajaipiga, ndo akatikisa kichwa kwamba kasikia. Na mie nimesimama hapo hapo, spana mkononi, ningenyoosha mkono ningemgusa kanzu.

Akaendelea hivo hivo. Mwambie mamako aiwache na dizeli yake, kila siku aongeze kidogo. Mwambie atie gia ya nne, aisukume mbele na nyuma pole pole, kiki itakatika meno. Mwambie ikilegea asiiwashe, abadilishe kwanza beringi na sili za oili. Yote sahihi, sibishi. Kwa gia kubwa gurudumu linaizungusha injini kidogo kidogo kwa nguvu nyingi, na zile sili zikishakauka kwa kukaa miaka, injini inavuta oili ya gia box (yenyewe ni robo lita tu) unaanza kufukiza mtaa mzima moshi mweupe. Nayajua haya. Nilichotaka ni kuyazungumza na mtu anaeyajua.

Mara ya tatu au ya nne mwanangu akachoka akasema, babu si umwambie mwenyewe, si huyo hapo. Fundi akacheka mpaka akakohoa, akampiga kichwani kidogo kwa mapenzi, akasema, mwambie mamako kokoto za kusugulia kutu ya tangi ziwe ndogo. Akaenda zake msikitini.

Mume wangu alicheka usiku kucha. Mama yeye hakuona hata kilichotokea, ati, "Anakuheshimu, ulitaka akutazame usoni wewe mke wa mtu?" Nikamwambia mama, heshima gani ya kunipitishia maneno kwa mtoto mwenye embe puani. Akasema wewe una kiburi cha babako.

Lakini nyie hamjui, au labda niliwahi kuandika, mie huyu mzee nimekulia kwenye gereji yake. Baba akiipeleka vespa nilikuwa nakalishwa juu ya pipa na kazi yangu kushika nati zisipotee, nati 5 za gurudumu, nazihesabu mkononi. Alikuwa akiniita fundi mdogo. Akinyoosha mkono bila kugeuka, "fundi mdogo, ya 13," nami nampa spana ya 13. Alinionyesha pointi (zile zinazoipa plagi moto) zinavyofunguka akanambia nafasi yake isizidi nusu milimita, na isipungue sana chini ya hapo, mie sijajua hata kugawanya. Alikuwa akisema na mie. Sasa ni siku gani hasa aliacha? Maana hapakuwa na siku, au mie sikuambiwa. Nilipovaa buibui? Nilipoolewa? Nakaa darasani nasahihisha madaftari najikuta nimeandika alama kisha nimesahau ni ya swali gani.

Halafu najibishana nae kichwani. Kama ni heshima mbona muuza samaki namsalimu ananijibu, na yule wa spea Chake Chake tunapigana bei kwenye simu kwa sauti zote mbili. Kisha najijibu mwenyewe, muuza samaki hakuniona nikiwa na meno ya utoto. Kisha nakasirika tena.

Wiki hii pia posa ya mdogo wangu imekubaliwa na skuli wamenipa umsaidizi wa mwalimu mkuu, ntaandika siku nyengine, inshaallah.

Tangi nimelisafisha kwa siki na kokoto (ndogo, ndio), kabureta imetoka gundi ya petroli ya zamani, jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli) nimezizibua kwa uzi wa waya wa umeme. Kilichonitisha ni sakafu. Ule mpira wa kuwekea miguu nilipoubandua nikaona kuku anapita upande wa pili. Na vespa si kama honda, haina fremu ya mabomba, bati lenyewe ndo fremu, aliyeichora Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na ndivo alivofikiri, ngozi ibebe mzigo. Ikioza sakafu umeoza mgongo. Kwa hivo kabla ya rangi ni kuchomelea, na mtu wa kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa zaidi hapa Wete wanahesabika.

Alhamisi baada ya magharibi nikaitia gia ya nne kama kawaida, nikaisukuma mbele, nikairudisha nyuma, mbele, nyuma, mawazo yangu kwenye ratiba ya mitihani kusema kweli. Ikatoa tk. Nikasimama. Nikasukuma tena ikaenda, na kwenye tundu la plagi ikatoka pumzi, dizeli nyeusi ikanirukia kwenye dera. Niliruka! Mtu mzima na cheo kipya, naruka uani na tochi. Mwanangu akatoka mbio akadhani nimeumwa na tandu. Nikamwachia asukume yeye, nikaweka kidole kwenye tundu nikasikia inavuta na inasukuma, inavuta na inasukuma, dhaifu, ringi za pistoni huenda zimeganda, lakini ipo.

Jana asubuhi natia maji mbele, mtoto yuko madrasa, hapana mtu njiani, fundi akatokea na bakora yake. Akasimama. Akaitazama vespa, ipo barazani sasa. Akasema, "Imelegea?"

Hakumtaja mtu. Hakunitazama. Lakini mtoto hayupo na mie ndo niliyepo.

Nikasema, imelegea, ami.

"Alhamdulillahi. Fulaiwili usiigonge na nyundo, ina mvutio wake, nnao nyumbani." (Fulaiwili ni lile gurudumu zito la sumaku ubavuni mwa injini, mvutio ni chombo cha kulivulia.)

Usiigonge. Kasema usiigonge, hakusema asiigonge! Nimeigeuza hii toka jana. Mume wangu anasema kakosea tu, mzee huyo, na huo mvutio ataupeleka kwa mtoto utaona. Inawezekana. Sijali, au najali, lakini si kama Jumapili, leo nimesahihisha darasa zima bila kupotea.

Kinachonikosesha raha sasa hivi ni mbuzi wa mama. Hajala tokea asubuhi, ubavu wa kushoto umevimba ukiupiga unalia, na ana mimba. Nimemnywesha mafuta ya kula kidogo kama nilivyoambiwa, na tunamtembeza uani kwa zamu. Mtu wa mifugo hapokei simu. Mwenye kujua jengine la kufanya aniandikie upesi, niko macho.