Siku moja ya mwombezi wa misheni, saa kwa saa

Mwinjilisti anayehubiri anaonekana. Mtafsiri wa Maandiko anaonekana, hata fundi anayechimba kisima cha kituo. Anayebaki magotini kwa ajili yao haonekani, na wakimkuta wanadhani anasinzia. Mara nyingine ni kweli.

Saa 11 alfajiri. Maji usoni, taa, na simu inalala chumba kingine. Ukiishika "kwa ajili ya Biblia tu" umekwisha. Nusu saa ya kwanza haina ombi lolote. Husomwa Zaburi moja kwa sauti, polepole, kisha mstari mmoja mmoja hugeuzwa kuwa sala. Anayeanza moja kwa moja na mahitaji huishia kuita majina kama mwalimu mwenye rejista.

Saa 12 daftari linafunguliwa. Lina safu nne: tarehe, ombi, andiko, jibu. Njia hii ni ya zamani. George Müller, aliyelea yatima huko Bristol katika karne ya 19 bila kuwaomba watu fedha, aliweka kumbukumbu ya maombi yake na majibu yake. Ombi huandikwa kwa sentensi moja, lenye jambo linaloweza kutokea au lisitokee. "Bwana, ibariki kazi" haliingii daftarini, maana hakuna siku utakayojua limejibiwa. "Kibali cha wale wanandoa kitoke kabla ya mwisho wa mwezi" linaingia. Majina ya kila siku yasizidi saba. Mengine hugawiwa siku za juma. Ukijitwisha majina 40 kila asubuhi, utaanza kuruka, utaona aibu, na mwishowe utaliacha daftari lenyewe. Waumini wapya walioko penye mateso huandikwa herufi moja tu ya jina, kwa sababu daftari hupotea na wasiostahili husoma.

Asubuhi inayobaki ni ya barua. Waraka wa maombi uwe ukurasa mmoja, wenye maombi yasiyozidi matano na majibu mawili ya mwezi uliopita. Wengi husahau majibu, halafu wanashangaa kwa nini waombaji wamepoa. Nani ataendelea kubeba mzigo asioambiwa ulitua wapi?

Saa 6 mchana, dakika kumi tu, kama Petro juu ya dari kule Yafa. (Msomaji wa Kiswahili ana raha yake hapa: saa za Matendo ya Mitume ni saa zetu, hapigi hesabu.)

Saa 9 ndiyo saa ambayo Petro na Yohana walipanda hekaluni kusali. Hapo ndipo siku huharibika, kwa maana hapo ndipo mlango hugongwa. Sura hubadilika, maneno hayabadiliki: "Bwana asifiwe, mtumishi. Niombee haraka tu, nataka jibu leo." Anataka kujua kama Mungu anamtuma misheni. Ukimdodosa kidogo unakuta ameshaaga kazini.

Maswali ya kumuuliza ni matatu. Kanisa lako linasemaje? Mwenyewe umefunga na kuomba kwa muda gani juu ya jambo hili? Ukijibiwa hapana, utafanya nini? La tatu ndilo humkera, maana hakuja kuuliza, amekuja kutafuta muhuri. Basi mnafungua Matendo 13. Kule Antiokia walikuwa wakimfanyia Bwana ibada na kufunga ndipo Roho akawataja Barnaba na Sauli. Kisha wakafunga tena, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Kufunga ni mara mbili, kabla ya kusikia na baada ya kusikia, na watu wa haraka huikata ile ya pili. Mnafungua na sura ya 16. Kila mtu anamkumbuka yule mtu wa Makedonia katika maono. Nani anakumbuka kwamba kabla ya hapo Paulo alikatazwa kulihubiri neno katika Asia, akajaribu Bithinia, akazuiwa tena? Mgeni anatazama saa. Alitaka unabii, amepewa kazi ya nyumbani. Mnaomba pamoja, kwa kweli mnaomba, na anaondoka amenuna. Ile "haraka tu" imekula saa nzima, na majina saba bado yako mezani.

Hapo akili inazurura. Wazo likikuvamia, liandike kwenye kipande cha karatasi liache kukusumbua. Inuka utembee, omba kwa sauti. Usingizi ukikataa kuondoka, lala dakika 20 ukijua umelala. Ni afadhali kuliko kukoroma juu ya jina la mtu.

Jioni ni kikundi. Katika dakika 60, watu wakiachiwa, 45 huishia kueleza mahitaji. Weka 10 za kueleza, zinazobaki ziombwe. Mmoja aombe ombi moja kwa ufupi, wengine waliunge mkono kabla ya kuhamia jingine. Kuna atakayewahubiria waliopo huku amefumba macho, na kuna wa "tumwombee ndugu fulani, si mnajua alichofanya…" Huyo wa pili akatizwe papo hapo. Huo ni umbea, hata ukimaliziwa na amina.

Usiku, safu ya nne. Huandikwa ndiyo, hapana au bado, na "hapana" lina tarehe yake kama mengine. Kurasa nyingi ni "bado" tupu, na macho yanauma.

Halafu mnyororo wa maombi. Wamoravian, Wakristo wa kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, waliuanza mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24, kila mmoja na saa yake, ukadumu zaidi ya miaka mia moja. Wamisionari wao wa kwanza waliondoka mwaka 1732. Zamu yetu ni ya saa moja pia. Ikiisha, unamtumia anayefuata ujumbe, naye lazima ajibu "nimepokea" ndipo ulale. Asipojibu, piga simu mara moja. Akiwa kimya bado, unarudi magotini na kuanza saa yake.